Mbuzi Wanapotupa Mimba Baada ya Mvua

Mwishoni mwa mwaka 2006 mvua ya vuli, ambayo Wasomali wa kaskazini mashariki mwa Kenya huiita deyr, ilikataa kukatika. Garissa na Ijara ni nchi kavu, na mfugaji wa huko akiona wingu hufurahi. Safari hii furaha haikudumu. Maji yalijaa mabondeni, barabara zikakatika, na nyanda zilizokuwa vumbi tupu zikageuka madimbwi yasiyo na mwisho. Kisha mbu wakainuka kwa makundi.

Baada ya mbu, mbuzi na kondoo wakaanza kutupa mimba. Haikuwa mmoja leo na mwingine mwezi ujao, kama mfugaji yeyote alivyozoea. Lilikuwa zizi zima. Wanakondoo waliozaliwa hai walikufa wakiwa bado hawajajua kula majani. Wengine walitoka damu puani, na wazee wa Kisomali walikuwa na jina la hali hiyo: sandik. Hawakusubiri maabara iwaambie. Walikuwa wameiona mwaka 1997, wakati wa El Niño, na wakajua kwamba imerudi.

Baadaye watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, waliketi na wafugaji hao na kuipanga upya kalenda ya msiba huo, hatua kwa hatua. Kwa wastani, zilipita siku 23 hivi tangu mvua ianze hadi mbu walipofurika. Kutoka mbu hadi mnyama wa kwanza kuugua zilikuwa kama siku 17. Kutoka mnyama wa kwanza hadi mtu wa kwanza, kama siku 17 nyingine. Huduma rasmi, za mifugo na za binadamu, zilifika nyuma ya yote hayo.

Siku 17 ni nyingi. Zinatosha redio ya Kisomali itangaze asubuhi na jioni kwamba mnyama mgonjwa asichinjwe. Zinatosha kumfikia mama anayekamua na kumwomba achemshe maziwa kabla ya kuwapa watoto, na kumpelekea mchinjaji glavu. Muda huo ulikuwapo, na uliandikwa kwenye miili ya mbuzi waliolala chini ya mikunga, lakini waliojua kuusoma walikuwa mbali na waliokuwa na uwezo wa kutenda. Ugonjwa ulipotulia, Kenya ilikuwa imehesabu wagonjwa 684 na vifo 155. Somalia ilikuwa na wagonjwa 114 na vifo 51. Tanzania, ambako ugonjwa uliingia Januari 2007 na kushika zaidi mikoa ya kati, wagonjwa walikuwa 264, na 109 kati yao walikufa.

Ugonjwa wenyewe huitwa homa ya Bonde la Ufa, na jina hilo lina historia. Mwaka 1930, katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, kondoo walianza kufa kwa maelfu, hasa wachanga. Maiti zilipopasuliwa, ini lilikuwa limeharibika vibaya. Robert Daubney na J. R. Hudson, wataalamu wa maabara ya mifugo ya Kabete, pamoja na P. C. Garnham, daktari wa binadamu, walilichunguza jambo hilo na kutoa taarifa yao mwaka 1931. Walieleza virusi ambavyo havikuwa vikijulikana. Waliandika pia kwamba wachungaji waliowahudumia kondoo hao nao walishikwa na homa, na kwamba kundi lililohamishiwa nyanda za juu liliacha kuugua. Hilo la mwisho liliwaelekeza kwa mbu, kwa sababu mwinuko ndio uliobadilika, na kule juu hewa ni baridi na mbu ni wachache.

Inafaa kuwatazama tena watu hao watatu. Wawili walikuwa wa mifugo na mmoja wa binadamu, na kilichowapa jibu ni malisho: urefu wa nchi, unyevu wake, wadudu wake. Zaidi ya miaka tisini baadaye kuna jina maalumu la kazi ya namna hiyo, Afya Moja, na kuna semina nyingi juu yake. Kule Naivasha ilifanyika kwa sababu kondoo, mchungaji na bonde havikuweza kutenganishwa.

Swali lililobaki lilisumbua kwa miongo kadhaa. Mlipuko ukiisha, ugonjwa hupotea miaka mitano, kumi, hata kumi na mitano. Unakwenda wapi?

Glyn Davies, mtaalamu wa virusi vya wanyama aliyefanya kazi Kabete, alizipanga kumbukumbu za milipuko ya Kenya kando ya kumbukumbu za mvua. Milipuko mikubwa ilianguka kwenye miaka ambayo mvua ilinyesha kupita kiasi, mfululizo, hadi ardhi ikashindwa kuyanywa maji. Miaka ya 1980 Kenneth Linthicum, mtaalamu wa wadudu kutoka Marekani, akiwa pamoja na Davies na wenzao, walikwenda kwenye mabonde ya nyasi yanayojaa maji kwa msimu, wakachota viluwiluwi wa mbu na kuwalea mpaka wakawa mbu kamili. Mbu hao, ambao hawakuwa wamemuuma mnyama yeyote, walikutwa na virusi. Maana yake mama alikuwa amevipitisha kwenye mayai.

Mbu wenyewe ni wa jamii ya Aedes. Hutaga kwenye udongo wenye unyevu pembezoni mwa bonde, na yai linaweza kukaa humo miaka mingi likiwa kavu na zima. Mvua ya kawaida hulowesha tu. Mvua inayotuamisha maji kwa siku nyingi ndiyo inayoyaangua mayai yote kwa pamoja. Mbu hao wa kwanza humuuma ng'ombe au kondoo, virusi huzaliana katika mwili wa mnyama, halafu aina nyingine za mbu, wanaodumu muda mrefu zaidi na kusafiri mbali zaidi, huvibeba na kuvisambaza. Kwa hiyo ugonjwa haukuwa umekwenda popote. Ulikuwa chini ya miguu ya ng'ombe, kwenye udongo ule mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi.

Kama mvua ndiyo ufunguo, basi anayeiona mvua mapema huuona ugonjwa mapema. Mvua kubwa za Afrika Mashariki hufuata joto la bahari: maji ya Pasifiki ya kati na mashariki yakipata joto lisilo la kawaida, na upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, huku kwetu, nao ukapata joto, mawingu hujaa. Setilaiti hulipima joto hilo, na hupima pia ukijani wa nchi. Mahali panapopaswa kuwa na rangi ya vumbi mwezi Novemba pakionekana kijani kibichi, pana maji. Mwaka 1999 Linthicum, Assaf Anyamba na wenzao walionyesha katika jarida la Science kwamba vipimo hivyo vikiunganishwa vinaweza kutabiri milipuko ya Kenya miezi kadhaa kabla. Utabiri huo ulipata mtihani wake mwaka 2006. Kuanzia Septemba tahadhari zilianza kutolewa, na ramani zao zilionyesha maeneo yale yale ambako watu walikuja kuugua Desemba.

Kwa hiyo mwaka ule kulikuwa na waonaji wawili. Mmoja alitazama kutoka angani, mwingine alikuwa mfugaji wa Ijara aliyesimama katikati ya zizi. Wote wawili walisema kweli, na wote wawili walitangulia. Kilichokosekana ni mtu wa katikati, aliye karibu na zizi na mwenye namba ya simu ya wizara. Mtu huyo ni daktari wa mifugo wa wilaya. Mara nyingi eneo lake ni kubwa kuliko uwezo wake, gari lake linasubiri mafuta, na sampuli ya damu aliyoichukua inasafiri kwenye boksi la barafu juu ya barabara iliyokatika.

Ni vizuri kueleza kwa nini mtu wa mifugo ndiye anayehitajika hapa, wakati anayekufa hospitalini ni binadamu. Mbu wanaweza kumwambukiza mtu moja kwa moja, lakini wengi huambukizwa na mnyama: na damu yake wakati wa kumchinja, na majimaji wakati wa kumsaidia kuzaa, na kijusi kilichotupwa kinapookotwa kwa mikono mitupu, na maziwa mabichi. Katika familia ya wafugaji kila mtu ana mlango wake wa hatari. Mwanamume huchinja na kuchuna. Mwanamke hukamua na kukata nyama. Mtoto ndiye anayetumwa kuokota mwanakondoo aliyekufa akamtupie mbwa. Hadi leo hakuna mtu aliyethibitika kumwambukiza mwenzake, na ndiyo sababu ugonjwa huu ukizuiwa kwa wanyama, umezuiwa kwa watu pia. Wengi wanaoambukizwa hupata homa na maumivu ya viungo, wakapona. Wachache hupatwa na ugonjwa wa macho unaoweza kuwaacha vipofu, au kuvimba ubongo, au kutokwa damu, na hao wa kutokwa damu takriban nusu yao hufa. Kwa kondoo hali ni mbaya mno: karibu kila jike mwenye mimba aliyeambukizwa huitupa, na katika wachanga walioambukizwa zaidi ya asilimia 90 hufa.

Madaktari wa mifugo wenyewe hawakusalimika. Mwaka 1951, karibu na Johannesburg, timu iliyompasua fahali aliyekufa ili kujua kilichomuua iliugua siku chache baadaye, na hapo ndipo Afrika Kusini ilipotambua kwamba ugonjwa uliokuwa ukimaliza kondoo wake unashika na watu.

Chanjo ipo, na ni ya zamani. Virusi vilivyotumika kuitengeneza vilipatikana kwa mbu wa msitu wa Semliki, magharibi mwa Uganda, mwaka 1944, na Kenya huitengeneza yenyewe. Ni ya bei nafuu na dozi moja hutosha. Ina dosari moja ambayo mfugaji haisahau: ikichomwa kwa kondoo mwenye mimba inaweza kumfanya aitupe, yaani ilete lile lile linaloogopwa. Ina sharti pia. Lazima itangulie mbu. Timu ya chanjo ikiingia zizini wakati virusi tayari vimo, sindano moja ikatoka kwa mbuzi mmoja hadi mwingine, wachanjaji wenyewe hugeuka mbu. Kwa hiyo uamuzi wa kutoa fedha za chanjo unapaswa kufanywa wakati hakuna hata mnyama mmoja mgonjwa, kwa kutegemea joto la bahari na rangi ya majani.

Ni uamuzi mgumu kwa mtu wa hazina. Mwaka 2015 El Niño kubwa ilitabiriwa tena. Kenya ilijiandaa kuliko wakati wowote kabla ya hapo: katika kaunti zaidi ya 20 zenye hatari, maofisa wa mifugo waliwasiliana na wafugaji kwa simu kila wiki, wakiuliza kuhusu mimba zilizotupwa na wanyama waliotoka damu. Mlipuko mkubwa haukutokea. Wapo watakaosema fedha zilipotea. Lakini kaunti hizo zilibaki na orodha ya wafugaji wanaopokea simu na kujua cha kutazama, na kitu hicho ndicho kilichokosekana mwaka 2006. Mwezi Juni 2018, baada ya masika mazito, ugonjwa ulizuka Wajir. Wagonjwa wakahesabiwa kwa makumi, si kwa mamia.

Hasara ya kungoja inajulikana kwa shilingi pia. Mlipuko wa 2006 na 2007 uliigharimu Kenya takriban shilingi bilioni 2.1, kwa hesabu ya wachumi walioufuatilia mnyororo mzima, kuanzia mfugaji, dalali, dereva wa lori, mchinjaji, mwenye bucha, hadi mchoma nyama. Serikali zilifunga minada. Walaji wakaogopa nyama hata ya mnyama mzima. Kijana anayebeba nyama machinjioni kwa ujira wa siku hakulipwa fidia na mtu yeyote.

Na hofu hiyo ilikuwa imeshavuka bahari kabla ya hapo. Mwezi Septemba 2000 homa ya Bonde la Ufa ilizuka Saudi Arabia na Yemen, mara yake ya kwanza kuonekana nje ya Afrika, na virusi vyake vilipochunguzwa vilikutwa ni ndugu wa karibu wa vile vya Afrika Mashariki vya 1997 na 1998. Saudi Arabia ilifunga mlango kwa mifugo ya Pembe ya Afrika, na haikuufungua kwa Somalia hadi 2009. Kwa bandari ya Berbera, inayoishi kwa kupakia mbuzi na kondoo wa Hija, miaka tisa ilikuwa umri wa mtoto kuzaliwa na kuanza shule. Hatimaye kilichofungua mlango ni vituo vya karantini, vipimo vya damu na vyeti vyenye saini ya daktari wa mifugo.

Mvua si kosa la mtu. Mabwawa ni habari nyingine. Bwawa la Diama kwenye mto Senegal lilikamilika mwaka 1986, na mwaka uliofuata homa ya Bonde la Ufa iliwakumba watu wa Rosso, kusini mwa Mauritania, ikaua zaidi ya 200. Miaka kumi kabla yake, 1977, ilikuwa imeingia Misri, nchi isiyo na mvua ya kuiangulia mayai, ikaambukiza watu wanaokadiriwa kufika 200,000 na kuua karibu 600. Wengi wameutazama umwagiliaji ulioenea baada ya Bwawa Kuu la Aswan kama sehemu ya maelezo. Hakuna anayedai mabwawa yasijengwe; mpunga unahitaji maji na miji inahitaji umeme. Lakini tathmini ya mazingira ya bwawa hutaja samaki, miti, na vijiji vitakavyohamishwa, na ni nadra kukutana na ukurasa unaouliza ng'ombe wangapi watakunywa hapo, pamoja na mbu wa namna gani. Ukurasa huo ungepaswa kuandikwa na daktari wa mifugo, na uandikwe kabla saruji haijamwagwa.

Ukame nao una yake. Mwaka 1994 watalii waliokuwa Serengeti walimwona simba akitetemeka na kuanguka kwa kifafa, na muda si mrefu wengine wakaanza kukutwa hivyo hivyo, wakipepesuka, nyuso zikichezacheza. Daktari mkuu wa wanyama wa hifadhi za taifa wakati huo, Melody Roelke-Parker, na wenzake waligundua ni distempa, ugonjwa wa mbwa, na shaka iliwaangukia mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti walikufa, kama 1,000 hivi. Hatua iliyofuata ilikuwa kuwachanja mbwa, na hapa watu walifaidika kuliko walivyotarajia: daktari wa mifugo Sarah Cleaveland na timu yake, wakishirikiana na maofisa wa Tanzania, waliwachanja mbwa hao dhidi ya kichaa cha mbwa pia, na vijiji vilivyochanjwa vikaona watu wachache zaidi wakikimbizwa zahanati kwa kung'atwa na mbwa wenye shaka.

Hata hivyo fumbo moja lilibaki. Damu ya simba iliyohifadhiwa ilionyesha kwamba distempa ilikuwa imepita katikati yao mara nyingine, kimya kimya, bila kuua. Kwa nini iue mwaka 1994, halafu tena mwaka 2001 kwenye kreta ya Ngorongoro? Linda Munson, mtaalamu wa patholojia ya wanyama wa Chuo Kikuu cha California, alirudi kwenye sampuli hizo na mwaka 2008 akatoa jibu pamoja na wenzake. Milipuko yote miwili ya kifo ilikuja baada ya ukame mkali. Nyati walidhoofu, kupe wakawajaa, nao simba wakawala nyati dhaifu kwa wingi kwa sababu hawakuwa na mbio. Kupe wa nyati walileta vimelea vya damu, babesia, ambavyo simba huishi navyo bila shida vikiwa vichache. Distempa ilipowashushia kinga, vimelea hivyo vikalipuka. Ugonjwa wa mbwa peke yake haukuwaua, wala kupe peke yao. Ukame ndio uliowakutanisha.

Mtu anayefuga ng'ombe Longido au Kajiado hatashangaa. Anajua kwamba baada ya kiangazi kirefu mvua ya kwanza huua ng'ombe walionusurika, kwa baridi, kwa kupe, kwa majani mapya yanayowavuruga tumbo. Alichokifanya Munson ni kuonyesha, kwa darubini na kwa tarakimu, kwamba maradhi yakipandana juu ya mwili uliokondeshwa na ukame, yanaua kwa namna ambayo hakuna moja lingeua.

Na kuna kisa ambacho madaktari wa mifugo hawapendi kukisahau, kwa sababu dawa ilitoka kwenye mikoba yao. Miaka ya 1990 tumbusi wa India, Pakistan na Nepal walianza kuanguka kutoka mitini. Tumbusi mmoja, mwenye mgongo mweupe, aliyekuwa miongoni mwa ndege wakubwa walio wengi kuliko wote duniani, alipungua kwa zaidi ya asilimia 99 ndani ya miaka 15 hivi. Ilidhaniwa ni virusi, ilidhaniwa ni dawa za kilimo. Lindsay Oaks, daktari wa mifugo wa Marekani aliyekuwa akifanya utafiti Pakistan, aliwapasua tumbusi na kukuta viungo vya ndani vimefunikwa na unga mweupe, alama ya figo zilizokufa. Akafuata chakula chao, yaani mizoga ya ng'ombe na nyati, na mwaka 2004 akatangaza kilichokuwamo: diklofenaki. Ndiyo hiyo hiyo inayouzwa kwenye maduka ya dawa ya Dar es Salaam na Mombasa kwa maumivu ya mgongo. Ng'ombe wa Asia Kusini walikuwa wakichomwa dawa hiyo wakichechemea, na aliyekufa kabla haijamtoka mwilini aliweza kuwaua tumbusi walioshuka kumla.

Mizoga ikakosa wa kuimaliza. Mbwa wa mitaani wakazaliana juu yake, na kwa mbwa ikaja hatari ya kichaa cha mbwa. Uchafu ukaingia kwenye maji. Wachumi Eyal Frank na Anant Sudarshan walikadiria mwaka 2024 kwamba kutoweka kwa tumbusi kulichangia vifo vya watu kama nusu milioni nchini India kati ya 2000 na 2005. Marekebisho nayo yalitoka kwa watu wa mifugo: majaribio yaliyofanywa Afrika Kusini yalionyesha kwamba dawa nyingine ya maumivu, meloksikamu, haiwadhuru tumbusi, na mwaka 2006 India, Pakistan na Nepal zikapiga marufuku diklofenaki kwa mifugo. Mwaka uliofuata dawa hiyo ilikutwa ikiuzwa kwenye kliniki ya mifugo nchini Tanzania, nchi ambayo tumbusi wake husafisha mizoga ya nyumbu kuanzia Ngorongoro hadi mto Mara. Mfugaji anayeandikiwa dawa ya ng'ombe anayechechemea ana haki ya kuuliza ni dawa gani, na daktari ana wajibu wa kujibu akiwa amefikiria mpaka mwisho wa mnyama huyo, hata kama mwisho wake ni bondeni, chini ya mabawa ya tumbusi.

Kuna mambo yaliyosogea mbele. Kenya ina kitengo cha pamoja cha wizara za afya na mifugo kinachoshughulikia maradhi yanayotoka kwa wanyama kwenda kwa watu. Tanzania ilizindua mkakati wake wa Afya Moja mwaka 2018, na dawati lake liko Ofisi ya Waziri Mkuu, mahali ambapo wizara moja haiwezi kuisusia nyingine. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kinafundisha vijana kuchukua taarifa za magonjwa vijijini kwa simu za mkononi. Mwaka 2022 homa ya Bonde la Ufa ilipoingia kwa ng'ombe wa Burundi na Rwanda, nchi hizo zilizuia ng'ombe kuhamishwa na kuuzwa.

Lakini mtu akiugua bado haendi kwa waziri mkuu. Anakwenda zahanati, akiwa na homa na kichwa kinachouma, na mganga mwenye foleni ya watu arobaini humpima malaria. Kipimo kikikataa, huandikiwa dawa ya taifodi na kurudi nyumbani kukamua. Kama mvua imezidi mwezi ule, mganga huyo angeongeza swali moja kabla ya kuandika dawa, lile ambalo mzee yeyote wa Ijara angelianza nalo: mbuzi wenu huko nyumbani wanaendeleaje? Na akijibiwa kwamba wanatupa mimba, awe na namba ya simu ya daktari wa mifugo, imebandikwa ukutani kando ya kalenda, na simu hiyo ipigwe siku ile ile.